Mavyaa ataka kumpakata, mimi nataka kiti

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Bamburi na mume wangu pamoja na mavyaa. Mwanetu Nuru ana miezi 11, na juzi kliniki alipimwa kilo 9.2. Kile kibebeo cha mkono tulichotunzwa alipozaliwa hakimtoshi tena: utosi umefika ukingoni, miguu yaning'inia. Kwa hiyo natafuta kiti kikubwa cha gari, vile viti ambavyo mtoto huanza kwa kuangalia nyuma, kisha akikua kiti hugeuzwa akaangalia mbele.

Gari letu ni Mazda Demio. Siku za kazi Baba Nuru hutupeleka Tudor. Mtoto namwacha kwa mamangu, mimi naenda kazini hapo karibu. Mwisho wa mwezi tunakwenda Malindi kwa jamaa za mavyaa, na hiyo ndiyo safari isiyonitulizia roho. Barabara ile Shangazi waijua, mabasi na malori hupitana kama hayana kwao.

Nimeona viti vitatu. Cha kwanza kiko Kongowea kwa muuza mitumba. Alitaka shilingi 5,000, nimeshamshusha mpaka 4,200. Ni kizito, kitambaa chake kisafi mpaka chanukia sabuni, lakini maandishi yote ni ya Kijapani na hakina kitabu. Baba Nuru amekipendea bei. Cha pili ni kipya, nimekiona dukani Nyali, chazunguka juu ya kitako chake kama kiti cha kinyozi. Hicho ni shilingi 34,000, na sikufichi Shangazi, ndicho nilichokitamani. Cha tatu ni cha wifi yangu aliye Marekani. Mwanawe amekua amekiacha, na kuna mtu aja huku mwezi ujao anayeweza kukibeba. Wifi asema ni kiti cha kawaida tu, hakizunguki, lakini mtoto aweza kuangalia nyuma mpaka pauni 40. Mimi pauni sizijui.

Nyumbani sasa ni mzozo. Mavyaa hataki kiti chochote. Asema amewapakata watoto saba mpaka Malindi, enzi gari zikivuka Kilifi kwa feri, na hakuna hata mmoja aliyemponyoka. Kumfunga mtoto mikanda mitano, kwake yeye, ni kumtesa. Baba Nuru akubali kiti, lakini ataka Nuru aangalie mbele tangu siku ya kwanza, maana "keshakaribia mwaka", akiangalia nyuma miguu yakunjana, na akilia hamwoni. Tena asema kiti cha kuangalia nyuma kitasukuma kiti chake mpaka magoti yaguse dashibodi. Mara nyengine asema basi tukiweke mbele, ubavuni mwake.

Nichague kipi? Na hili joto letu je, mtoto si atachemka mle ndani? Na siku tusizokuwa na gari, tukapanda tuktuk, nifanyeje?

Mama Nuru,
Bamburi

*

Marahaba, Mama Nuru.

Niungame kwanza: na mimi nimepakata. Peugeot 504 ya mjombangu, foleni ya feri pale Kilifi, jua la saa saba, mmoja mapajani na mwengine amesimama katikati ya magoti yangu. Daraja lilikuja kufunguliwa 1991, wanangu wakiwa washaanza shule. Kwa hiyo maneno ya mavyaa siyacheki. Lakini tusijidanganye, yeye na mimi. Watoto wetu hawakuokolewa na mikono yetu. Walisalimika kwa kuwa gari halikugonga kitu.

Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ule ulioruhusiwa mjini. Gari likigonga likasimama ghafla, kila kilichomo ndani kingali na mwendo wake. Kwa mtu asiyefungwa, mshindo huo ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 juu, yaani ghorofa ya tatu. Na kwa nukta ile Nuru wako wa kilo 9.2 atakuwa anaivuta mikono ya bibi yake kwa uzito wa karibu kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji. Kama mavyaa hakujifunga, yeye mwenyewe ndiye atakayemwangukia mjukuu wake. Kama wamejifunga pamoja kwa mkanda mmoja, mtoto ndiye anayebanwa baina ya mkanda na kifua cha bibi. Hakuna namna ya kupakata iliyo salama garini. Laiti ingekuwapo ningekwambia, maana ni rahisi kuliko shilingi 34,000.

Sasa tuje kwa Baba Nuru. Mbele au nyuma ndilo swali lenyewe, na jibu lake ndilo litakalokuchagulia kiti.

Kumbuka siku Nuru alipotoka hospitali. Mavyaa alipompokea, mkono wake mmoja ulikwenda wapi? Chini ya shingo. Kila mzee wa pwani hii akimpokea mtoto mchanga hutanua kiganja nyuma ya kichwa kabla ya jambo lolote, na mama kijana akisahau hupigiwa kelele nyumba nzima. Wazee walijua bila kuambiwa na mtu kwamba kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Mtoto akizaliwa, kichwa ni kama robo ya urefu wake mzima; kwangu mimi na wewe ni kama sehemu ya saba au ya nane. Na hata akifika mwaka, mifupa ya shingo bado haijakomaa, sehemu yake ni gegedu. Mtoto anayeangalia mbele gari likigonga, mikanda hushika mabega, kichwa nacho huenda mbele peke yake, na kinachokizuia ni shingo tu. Akiwa anaangalia nyuma, kiti chote kinampokea kwa pamoja: kichwa, shingo, mgongo. Kiti cha kuangalia nyuma ni kile kiganja cha mavyaa. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, usimtajie mikanda kwanza.

Mtu wa mwanzo kulitia jambo hili akilini alikuwa Bertil Aldman wa Sweden, miaka ya 1960. Aliwatazama wanaanga wa Gemini wa Marekani walivyolazwa chali ili mgongo ndio ubebe mshindo, akatengeneza kiti cha mtoto kwa hesabu hiyo. Mpaka leo huko kwao watoto wengi huangalia nyuma hadi miaka minne. Madaktari wa watoto wa Marekani nao walikuwa wakisema miaka miwili, lakini 2018 wakaacha kutaja umri kabisa: mtoto abaki akiangalia nyuma mpaka afike kikomo cha kiti chake cha uzito au cha urefu. Na kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa, ile iitwayo R129, yakataza mtoto kugeuzwa kabla ya miezi 15. Kwa hiyo "keshakaribia mwaka" ya Baba Nuru haiko katika kanuni yoyote kati ya hizo.

Miguu kukunjana? Mtazame Nuru akikaa mkekani. Yuko vipi? Amekunja. Watoto hawana habari na hilo, sisi watu wazima ndio tunaoumwa magoti kwa niaba yao. Na hata tukisema mguu waweza kuumia, mguu ukivunjika hufungwa plasta ukaunga. Shingo hakuna plasta yake.

Kulia ni kweli atalia, siku za mwanzo hasa. Atalia pia akiangalia mbele. Dereva hana kazi ya kumtazama mtoto anayelia, kazi yake ni kutazama lori lililo mbele yake pale Mtwapa.

Na hilo la kumweka kiti cha mbele, Mama Nuru, likatae hata kama utaonekana mkorofi. Mbele ya abiria mna puto la hewa. Likifumka hutoka kwa nguvu ya kumzuia mtu mzima, na kiti kinachoangalia nyuma kinakuwa kimeliegemea. Litakipiga mgongoni, pale pale kichwa kilipo. Shusha kile kibao cha kuzuia jua upande wa abiria, mara nyingi mna picha ya onyo, mtoto na alama nyekundu. Mwoneshe.

Haya, viti.

Cha Kongowea kiache. Nasema hivi nikijua 4,200 si kitu mbele ya 34,000, na nikijua kwamba nusu ya nguo nilizovalisha wanangu zilitoka soko hilo hilo. Kitenge cha mtumba kikichanika unashona. Kiti cha mtoto kikiwa na ufa huuoni. Kiti kilichowahi kuwa katika ajali hakitumiki tena hata kama kwa macho ni kizima, na muuzaji wako hajui kilitoka gari gani. Hakudanganyi, hajui tu. Plastiki nayo huchoka kwa jua na miaka, na viti hivi huwa na umri wa kutumika, aghalabu kati ya miaka 6 na 10 tangu kutengenezwa. Tarehe huwa imepigwa chapa ubavuni au chini ya kiti. Na kuna neno moja umeliandika kwa kukisifu ambalo mimi limenitisha: chanukia sabuni. Ile mikanda haifuliwi. Watengenezaji husema ipanguswe kwa kitambaa cha maji na sabuni kidogo, basi. Mtu aliyekitia chote kwenye beseni la sabuni ya unga, na pengine dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, amezila nyuzi zenyewe zinazomshika mtoto. Na bila kitabu unachoweza kusoma hutajua mkanda wa gari wapita tundu gani ukiangalia nyuma na tundu gani ukiangalia mbele. Hayo matundu mawili si kitu kimoja, na kukosea hapo ni sawa na kutofunga.

Nikiwa hapo hapo: ukioneshwa mtandaoni kile "kiti" cha kitambaa kitupu, mikanda iliyoshonwa juu ya mto kwa shilingi elfu moja na kitu, pita kama hukukiona.

Kiti cha Nyali kinachozunguka ni kizuri, sikulaumu kukitamani. Kumtia mtoto huku umesimama mlangoni na kiti kimekugeukia ni raha, hasa kwa mama mwenye mgongo. Lakini unalipia kuzunguka. Usalama wake hauzidi kwa sababu hiyo. Na pale pale penye raha pana mtego: kiti kinachogeuka kwa kidole kimoja, siku Nuru amelia mpaka Baba Nuru amechoka, ataangalia mbele "leo tu". Jengine, viti vya namna hiyo vingi hushikwa kwa Isofix, yaani vyuma vilivyojengewa ndani ya kiti cha gari, si kwa mkanda wa gari, na huwa na mguu unaosimama sakafuni. Yafaa ujue kama gari lako lina Isofix kabla ya kuulizia bei. Tia vidole katika ufa baina ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma. Ukigusa vyuma viwili vyembamba vya duara vilivyokaa imara, umbali wa shubiri moja na kitu, ndivyo hivyo. Magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni yanavyo. Ule mguu nao usisimame juu ya kifuniko cha shimo la kuwekea vitu. Nalijua hilo kwa hasara. Mjukuu wangu alinunuliwa kiti cha fahari, tulipofika nyumbani mguu ukaangukia kifuniko chenye uwazi chini yake, na duka likakataa kukirudisha kwa kuwa tumeshafungua boksi. Kwa miezi miwili kilikuwa kiti cha kulia uji.

Dukani tazama lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara. Ikiandikwa R44, ile kanuni ya zamani, vipimo vyake ni uzito, na nyingi za aina hii hukubali mtoto aangalie nyuma mpaka kilo 13 tu. Ikiandikwa R129, vipimo ni urefu kwa sentimita, na kiti kimejaribiwa hata kwa kugongwa ubavuni. Usiulize muuzaji "chaanza umri gani?" Muulize: "mtoto aangalie nyuma mpaka lini?" Wengi watakutajia umri. Wewe soma lebo.

Kiti cha wifi ndicho kimenivutia. Pauni 40 ni kilo 18. Kwa mwendo wa Nuru, kiti cha kilo 13 atakimaliza akiwa baina ya miaka miwili na mitatu, na cha kilo 18 chaweza kumfikisha minne, kama urefu hautamtangulia. Ishara ya urefu ni utosi: ukibakia chini ya sentimita 2.5 kufika ukingo wa juu wa kiti, kuangalia nyuma kumekwisha. Tena kiti hiki kina kitu ambacho cha Kongowea hakina, nacho ni mwenyewe. Yuko hai, ana simu, na hana sababu ya kukuficha. Muulize mambo haya: kimewahi kuwemo garini likigongwa, hata kidogo? Tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho ni zipi, akutumie picha ya lebo yenyewe? Kuna kipande chochote kilichopotea? Mikanda aliwahi kuitia mashineni? Kitabu kama kimepotea, jina na namba ya kiti iliyo kwenye lebo yatosha kukipata kwa mtengenezaji. Usishtuke usipoona ile lebo ya E, Wamarekani wana kanuni yao na maandishi yake yatakuwa pale ubavuni. Na anayekibeba asikifungue vipande vipande ili kiingie begini. Kifungwe kizima kwenye boksi.

Kuna kizingiti kimoja ambacho wifi hawezi kukijua akiwa kule. Magari ya Marekani, mkanda wa nyuma hujifunga wenyewe ukivutwa mpaka mwisho, na viti vyao vingi hutegemea hilo. Mikanda ya magari yetu mengine haina ufungo huo. Hushika tu gari likifunga breki ghafla, wakati mwengine wote huteleza. Basi leo jioni kabla ya kumjibu wifi, ingia kiti cha nyuma cha Demio, vuta mkanda polepole mpaka uishe wote, kisha uachie urudi kidogo. Ukisikia ka-ka-ka-ka na ukijaribu kuuvuta tena ukakataa, mambo yako mazuri. Ukiteleza tu, muulize wifi kama kiti chake kina kishikio chake chenyewe cha kuubana mkanda. Baadhi ya viti vinacho. Vikikosekana vyote viwili, hicho kiti ni kizuri kwa gari jengine. Nenda Nyali.

Na ukienda Nyali, nenda na gari, nenda na Nuru, na usilipe kabla kiti hakijafungwa ndani ya Demio. Kiti cha mtoto hakichaguliwi rafuni, huchaguliwa ndani ya gari. Duka likisema haliruhusu kujaribu, rudi na pesa zako. Kikishafungwa, kishike pale mkanda wa gari unapopita ukitikise ubavu kwa ubavu. Kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Ukitaka kitulie, panda goti juu yake ukikandamiza huku mwenzio akivuta mkanda. Hii ni kazi ya kutoka jasho. Ukikifunga bila jasho Mombasa hii, kiangalie tena. Ulalo wake usiwe wa kumwangusha Nuru kidevu kifuani, ila kwa mtoto wa umri wake chaweza kusimama zaidi kuliko cha mchanga, na kila kikisimama nafasi ya mbele huongezeka.

Ambayo yatufikisha kwenye magoti ya Baba Nuru. Gari letu usukani uko kulia. Kiti cha Nuru kifunge kushoto, nyuma ya abiria. Kwanza mlango huo ndio unaofungukia kando ya barabara, humtoi mtoto katikati ya tuktuk. Pili, dereva hasogezwi hata nukta moja! Anayebanwa ni abiria wa mbele, na huyo ni wewe. Sijui urefu wako, ila nadhani utavumilia kuliko yeye.

Mikanda ya Nuru mwenyewe, akiangalia nyuma itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo. Ivute, kisha jaribu kuifinya begani kama unayeinua ukingo wa chapati. Ukipata mkunjo wa kufinya bado imelegea. Kwenye kiti cha wifi kutakuwa na kishikizo cha kifuani. Kikae usawa wa makwapa, si tumboni.

Joto. Hapa una haki. Kiti hiki kimemzunguka mtoto pande tatu na ubaridi wa mbele haumfikii vizuri. Mvalishe pamba nyepesi, au nepi na fulana tu, na usimtandikie mto wala taulo nene mgongoni kwa huruma. Kitu chochote kisichokuja na kiti kinailegeza mikanda bila wewe kujua. Gari likiegeshwa kitandike kiti leso nyeupe, kile chuma cha kifungo huunguza kama pasi pale mjini saa nane. Kabla hujamfunga kiguse kwa mkono wako. Fungua milango yote dakika mbili tatu ndipo umtie. Safari ya Malindi ondokeni baada ya alfajiri, na mkifika Kilifi mtoeni anyonye, anyooke. Kumwacha ndani ya gari lililozimwa, hata "nachukua mkate mara moja", hapana, hata vioo vikiwa vimeteremshwa.

Tuktuk sina la kukufurahisha nalo. Kiti hiki hakifungiki mle, hakuna mkanda wa kukishika. Ukilazimika, kaa katikati na si ukingoni, mfunge kwa mbeleko kifuani ili mikono yako ipate kushika chuma, na mchague mzee wa polepole ukapite njia za ndani, si barabara kuu. Bodaboda na mtoto wa miezi 11 usinitajie. Matatu tangu kanuni za Waziri Michuki za 2004 yapaswa kuwa na mikanda. Panda yenye mkanda unaofanya kazi ujifunge wewe, mtoto mbelekoni nje ya mkanda. Nimeshakwambia hakuna kupakata kulikokuwa salama na sibadili neno, haya ni ya siku ya dharura. Safari ya Malindi isubiri gari.

Mavyaa sasa. Usimshinde kwa hesabu za saruji, hizo nimekupa wewe na Baba Nuru. Shirika la Afya Duniani lasema viti hivi hupunguza vifo vya watoto wadogo garini kwa zaidi ya nusu, nalo hilo mpe mumeo. Mavyaa mpe kazi. Akae nyuma, ubavuni mwa Nuru, upande wa kulia, naye amejifunga. Kitambaa cha kufutia jasho kiwe kwake, chupa ya maji kwake, nyimbo kwake, na yeye ndiye wa kusema "simamisha, mtoto amechoka". Mtoto anayeangalia nyuma anatazamana uso kwa uso na bibi yake njia nzima, jambo ambalo akipakatwa halipati. Mfungue macho kwa hilo kabla ya safari ndefu: mwende naye kwanza mpaka Nyali na kurudi.

Wifi akikutumia picha ya lebo, soma tarehe kabla ya mtu kubeba mzigo. Na yule wa Kongowea mpigie mapema umwambie hutarudi, asije akakuwekea akakosa mteja.

Shangazi